Lenzi ya Shibiri Moja

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka kiwanda cha vifungo. Niliifungua nikiwa najua imesema nini. Nilikosea.

Kwa miaka kumi na minane mimi ndiye niliyepiga picha ya mwaka ya wafanyakazi wa kiwanda kile. Watu sitini na wanne, ngazi za mbele, saa nne asubuhi. Picha inatundikwa mlangoni na kukaa hapo hadi ya mwaka unaofuata. Bila kazi hiyo, studio yangu ni chumba cha picha za vitambulisho chenye pazia la bluu na kiti kinachoyumba. Safari hii meneja anaandika kwamba wamealikwa wapiga picha wawili. Ijumaa ya tarehe 14 kila mmoja atapiga yake. Itakayopendeza itatundikwa, na aliyeipiga ndiye atakayeshika picha za mwaka kuanzia sasa.

Wa pili ni Pikseli. Jina hilo nimempa mimi. Ana studio ng'ambo ya barabara, mlango wa kioo, taa nyeupe mchana kutwa. Umri wake ni wa mwanangu. Kamera yake ni ya kisasa, nyembamba kama mche wa sabuni. Yangu inahitaji mikono miwili na dhamira.

Mke wangu anafanya kazi kiwandani hapo, chumba cha kuchambua vifungo. Mwaka huu anatimiza miaka ishirini na mitano, kwa hiyo atakaa mstari wa mbele, katikati, karibu na meneja. Anaomba kitu kimoja: atoke macho wazi. Katika picha zangu kumi na nane, amefumba macho katika zote kumi na nane. Nikamweleza kuwa ni bahati mbaya. Akasema bahati mbaya huwa inapumzika.

Siri yangu ya kazi, ambayo sijamwambia mtu: nahesabu moja, mbili, tatu, lakini nabonyeza kwenye mbili. Watu wakifika tatu wameshajikausha. Kwenye mbili bado ni binadamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa ya Pikseli. Nguvu yake yote iko kwenye lenzi. Nimnyang'anye lenzi, abaki na mche wa sabuni.

Nilivuka barabara kama mtu anayetaka kuuliza saa. Nilikuwa nimevaa saa. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti kubwa maana kulikuwa na wateja. Akauliza kama saa yangu imesimama. Nikasema nalinganisha.

Mkononi nilikuwa nimeshika, kana kwamba kwa bahati tu, lenzi yangu. Ni ya marehemu baba mkwe, aliyekuwa mpiga picha kabla yangu na aliyeniachia studio. Ina miaka arobaini. Chuma kitupu na vioo. Pembeni ina nukta nyekundu ya rangi ya kucha, aliyoitia yeye ili kujua wapi pa kuanzia kuifunga. Pikseli aliipokea kwa mikono miwili, akaielekeza dirishani, akachungulia ndani yake. Nikajua nimemnasa. Vijana wanapenda vitu vya makumbusho.

Nikapendekeza tubadilishane: yangu kwa yake mpya, ile iliyotoka mwaka huu. Akaniuliza, mzee wangu, una hakika? Nikasema ninayo. Akauliza tena. Mara ya tatu akauliza nitaifunga kwenye kamera gani. Nikamwambia hilo aniachie mimi. Akafungua droo, akatoa kipete cha chuma, akakivalisha kwenye kamera yake, kisha lenzi ya mkwe juu yake. Ikaingia taratibu kabisa. Nilimwonea huruma.

Nimemwingiza mjini mchana kweupe.

Jumatano, 5 Machi

Lenzi mpya haiingii kwenye kamera yangu.

Nilijaribu kulia. Nilijaribu kushoto. Mdomo wa lenzi ni mpana kuliko mdomo wa kamera. Meno yao hayalingani. Lenzi ina vijipini kumi na kimoja vya shaba nyuma, kamera ina vitano, na hata hivyo vitano havikutani na vyovyote. Tena haina pete ya kurekebisha mwanga, maana kazi hiyo inafanywa kwa umeme kutoka kwenye kamera. Ina pete ya kulenga. Inazunguka vizuri ajabu, haina mwisho. Pia haibadilishi chochote.

Nimeishika kwa mkono mbele ya kamera. Haitoshi. Nimeifunga kwa utepe wa fundi umeme. Ilikaa kwa dakika nne, kisha ikaangukia kwenye mto wa kiti. Haina mkwaruzo. Mto una alama.

Nimebandika mlangoni karatasi: STUDIO IMEFUNGWA KWA MAANDALIZI. Sababu halisi ni kuzuia upelelezi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, mama mmoja mwenye karakana nyuma ya soko. Hupendi kumwona akikuangalia juu ya miwani. Nilimweleza nataka pete: upande mmoja ishike kamera, upande wa pili ishike lenzi. Alipima vyote viwili kwa kalipa, akaandika tarakimu kwenye kiganja, akaniuliza unene.

Nikasema unene wowote.

Akasema, baba, katika kazi hii hakuna unene wowote. Akataka kujua lenzi imetengenezwa ikae umbali gani kutoka mahali picha inapoingilia. Nikamjibu kwamba mimi nina miaka thelathini ya kamera na yeye ana miaka ya kukereza, kila mtu ashike lake. Akasema sawa. Ile sawa sikuipenda. Lakini akawasha mashine.

Jumamosi, 8 Machi

Pete imekamilika. Kazi safi, inang'aa kama sufuria mpya. Ina unene wa kidole. Nimeifunga kwenye kamera, nikaifunga lenzi juu yake. Vimeshikana kama ndugu.

Jaribio nimelifanya mezani. Kulikuwa na kifungo cheusi ambacho mke wangu alikileta mfukoni bila kujua, kama kawaida yake. Nyumba hii ina vifungo kuliko vijiko. Nikakiinamia. Nikaona! Matundu manne, kingo zake, hata unywele mmoja wa uzi. Sijapata kuona picha kali hivyo tangu nizaliwe.

Nilitaka kujaribu na dirisha la mbele lakini betri ikaisha. Si neno. Jaribio moja lililofaulu linatosha. La pili ni kujitilia shaka.

Nimeifungia kamera kabatini hadi Ijumaa. Vumbi ni adui, na Pikseli ni adui.

Jumatatu, 10 Machi

Pikseli ameweka picha mpya dirishani. Ni fundi viatu wa pale kona, ameshika kiatu, anacheka. Kila kunyanzi liko mahali pake. Nyuma yake barabara imeyeyuka polepole. Watu wanasimama kutazama. Nami nilisimama, kwa sababu ya lori lililokuwa linapita.

Fundi viatu ananiambia imepigwa kwa ile lenzi yako mzee. Nikamwambia aache porojo. Lenzi ya zamani kwenye kamera mpya! Akasema aliona nukta nyekundu kwa macho yake. Fundi viatu anajulikana kwa kutia chumvi. Nimeamua kupeleka viatu kwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu amemaliza kupiga pasi gauni lake la kesho. La kijani. Amelitundika mlangoni na kila anayepita anaambiwa asiliguse. Mimi ndiye ninayepita.

Baadaye akaomba lenzi ya baba yake aifute vumbi kwa kitambaa laini, maana kesho ni siku kubwa na angependa marehemu awepo kwa namna fulani. Nikasema iko kwa fundi, inasafishwa. Akauliza fundi gani. Nikasema fundi mzuri. Akasema basi jaribu kamera, mimi nitasimama pale mlangoni na gauni, unione. Nikakataa. Nikamwambia bwana harusi haoni gauni kabla ya siku.

Akasema tumeoana miaka ishirini na saba, acha uzushi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwa mpangilio ili baadaye isisemwe kwamba nilitunga.

Saa nne kasorobo. Ngazi za kiwanda. Watu sitini na wanne, mabenchi mawili, meneja katikati na koti la rangi ya majivu. Mke wangu pembeni yake, gauni la kijani. Kura ikapigwa. Pikseli akatangulia.

Akatoa mche wake wa sabuni. Juu yake kulikuwa na lenzi ya mkwe. Nukta nyekundu ilionekana hadi mstari wa nyuma. Mke wangu aliitazama nukta. Kisha akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu aliyepangwa kutabasamu.

Pikseli akahesabu: moja, mbili, tatu. Akabonyeza kwenye tatu. Kazi ya mwanafunzi.

Zamu yangu. Nikaweka jicho. Ukungu. Wafanyakazi sitini na wanne walikuwa wingu moja la bluu lenye doa la kijani. Nikazungusha pete ya kulenga. Ikazunguka. Wingu likabaki wingu.

Nikasogea hatua tano. Wingu. Nikasogea hatua tano nyingine. Mtu wa mstari wa nyuma akauliza kama nakuja kuwasalimia mmoja mmoja. Wakacheka. Nikafika kwenye benchi. Meneja akarudisha kichwa nyuma. Nikazidi kumwinamia. Kwenye umbali wa shibiri moja kutoka kifuani mwake, kitu kikajitokeza, kikatulia, kikawa wazi kabisa. Kifungo cha koti.

Mtu mwenye heshima zake hashushi kamera bila kupiga. Nikasema moja, mbili, nikabonyeza.

Saa tano kamili picha zilionyeshwa ukutani katika ukumbi wa chakula, wafanyakazi wote wameketi. Kwanza ya Pikseli. Nyuso sitini na nne. Unaweza kumwita kila mmoja. Na katikati, mke wangu, ametazama mbele, macho yote mawili wazi, makubwa, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu anayempenda. Alisimama. Akaisogelea picha akasimama mbele yake muda mrefu, mpaka wa nyuma wakaanza kumwomba mama akae chini nasi tuone.

Kisha yangu. Kifungo kimoja, ukubwa wa meza. Matundu manne. Uzi wenye nyuzinyuzi. Na kuzunguka ukingoni, maandishi madogo ambayo kwa macho ya kawaida hayasomeki. Chumba cha kuchambua wanasoma vifungo kama wengine wanavyosoma magazeti. Wakasoma kwa pamoja, kwa sauti. Lilikuwa jina la kiwanda kingine.

Meneja akajifunika kifua kwa faili. Akasema koti ni la shemeji yake. Mmoja akauliza na suruali je. Ukumbi ukaangua kicheko, na mama wa jikoni akapiga sinia kwa mwiko.

Picha ya Pikseli itatundikwa. Kazi ya mwaka imekwenda. Miaka kumi na minane.

Nilikuwa nafunga begi meneja aliponiita ofisini. Faili bado kifuani. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, nifute picha ile. La pili, wateja wanalalamika kwamba katika katalogi ya kiwanda vifungo vinaonekana kama vidonge vya homa. Hajapata kuona kifungo kilivyoonekana leo. Viko vya aina mia mbili na kumi na mbili. Je, naweza kuvipiga vyote namna ile? Nianze Jumatatu?

Nikatazama kalenda ya ukutani, kama mtu anayepitia ratiba yake. Nikasema ndiyo maana nilikuja na lenzi ile.

Picha nimeifuta. Nakala mbili nimezihifadhi.

Nyumbani mke wangu hakupiga kelele. Alisema umeula wa chuya, na marehemu baba kaula pamoja nawe. Kesho lenzi iwe imerudi hapa. Gauni lilirudi mlangoni kwenye msumari. Nimelala upande wa dirisha.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili asubuhi nilipita kwa fundi wa kukereza, kumwonyesha kwamba pete yake ilifanya kazi. Akasema anajua ilivyofanya, dada yake yuko chumba cha kuchambua. Akachukua chaki na kunieleza kwenye mlango wa chuma. Kamera yangu ina kioo ndani, kioo kinataka nafasi ya kuinuka, kwa hiyo lenzi zake zimetengenezwa kukaa mbali. Kamera mpya hazina kioo hicho, lenzi zake zinataka kukaa karibu. Ukichukua lenzi ya zamani ukaipeleka kwenye kamera mpya, kinachokosekana ni nafasi, unaijaza kwa pete, mambo yanakwenda. Ukichukua mpya ukaileta kwenye ya zamani, nafasi imeshazidi, na pete inaizidisha tena. Inakuwa kama mtu mwenye miwani ya kusomea aliyepewa kazi ya kulinda mlima. Ungetaka nipunguze, si niongeze, alisema. Na cha kupunguza ni kamera yenyewe.

Nikamwambia nilikuwa nalijua hilo. Akafuta chaki kwa kiwiko.

Kisha mikakati ya kuirudisha lenzi.

Mkakati wa kwanza, saa tatu: nimwambie Pikseli kwamba lenzi ya mkwe ina ukungu wa ndani unaoambukiza. Akasema ameikagua kwa tochi, ni safi kuliko ya kwake.

Mkakati wa pili, saa nne: nimwambie ni mali ya urithi na kuna kesi. Akauliza kesi iko mahakama gani. Sikuwa nimejiandaa kwa mahakama.

Mkakati wa tatu, saa tano: niingie kuuliza saa, niibadilishe na kopo la maziwa lenye ukubwa uleule. Kopo lilinianguka mlangoni. Akaniokotea. Akanitajia saa.

Saa sita mke wangu alivaa kandambili akavuka barabara. Nilimwona kupitia pazia la bluu. Pikseli alisimama, akampa shikamoo, akasikiliza. Hata dakika mbili hazikufika. Akamkabidhi lenzi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, akamsindikiza hadi ukingo wa barabara.

Nikamuuliza alimwambia nini. Akasema alimwambia ni ya baba yake na anaiomba. Nikauliza tena nini. Akasema basi. Kijana aliomba radhi, akasema alimuuliza mzee mara tatu. Ile mpya amesema nibaki nayo hadi nimalize vifungo, maana kwenye kamera yangu inafanya kazi ambayo kwake haifanyi.

Hapa naona wazi jinsi mikakati yangu mitatu ilivyomlainisha.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema. Lenzi ya mkwe iko mahali pake kwenye kamera yangu. Imeingia yenyewe, nukta kwa nukta. Katalogi inaanza kesho. Mke wangu amenisamehe kwa kiasi cha chai.

Akasema angependa picha moja na mimi pia. Akavaa tena lile la kijani, akakaa kwenye kiti kinachoyumba, akakituliza kwa mguu. Mwanga wa dirisha ulikuwa mzuri. Kila kitu kilikuwa wazi kwenye kioo: shingo, hereni, mkunjo wa bega. Akiwa anajiweka sawa akaniambia jambo nililolipuuza: kwamba miaka yote, akisikia mbili, huwa anafumba macho makusudi, ayapumzishe, ili yawe wazi kabisa ikifika tatu. Juzi ndiyo mara ya kwanza picha kumkuta akiwa tayari. Anadhani kijana yule anajua kuhesabu.

Nikasema wanawake wana nadharia. Moja, mbili, nikabonyeza.

Macho yamefumbwa. Yote mawili. Kope zimetulia kama za mtu aliyelala kitandani kwake.

Alitazama, akavua hereni, akaenda kuteka maji.

Nimeipekua lenzi kwa saa nzima. Ilipoondoka hapa ilikuwa nzima. Amekaa nayo siku kumi na moja. Ni dhahiri Pikseli kaiharibu, na ndiyo maana aliirudisha kwa urahisi ule.

Lakini nimeona dirishani kwake ana nyingine, mpya zaidi, ndefu kama chupa ya chai. Kesho, kabla ya kwenda kwenye vifungo, nitavuka na hii ya mkwe mkononi. Saa nitaiacha nyumbani, ili safari hii niwe na sababu.